Ukurasa wa plagini uuweke wapi: chini ya Mipangilio, kwenye menyu yake, au ndani ya orodha ya maudhui?

Anayetengeneza plagini, au programu-jalizi kama wengine wanavyoiita, ya kuongeza kazi kwenye WordPress, mfumo wa kuendeshea tovuti, hufika mahali ambapo kazi ya ndani imekwisha na kilichobaki ni kumpatia mwenye tovuti mahali pa kuiendeshea. Hapo wengi hukwama. Ukurasa wa uendeshaji unaweza kuwekwa chini ya Mipangilio pamoja na kurasa za WordPress yenyewe, unaweza kupewa menyu yake kubwa yenye ikoni, na unaweza pia kujitokeza wenyewe baada ya kusajili aina mpya ya maudhui. Msimbo wa njia hizi tatu hautofautiani sana kwa urefu, na zote hufanya kazi siku ya kukabidhi; tofauti huonekana wiki kadhaa baadaye, pale mtu asiyejua hata mstari mmoja wa PHP, lugha inayoandikiwa plagini, anapoutafuta ukurasa huo kwenye simu akiwa amesimama kituo cha daladala.

Mfano nitakaoutumia ni plagini ndogo niliyokitengenezea kikundi cha waongoza wageni hapa Tanga, ambao hupeleka watu kwenye Mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni na kisiwa cha Toten. Plagini hiyo hupokea maombi ya ziara kwa fomu iliyo kwenye tovuti, huyaonyesha maombi hayo kwa ofisi, na ina mambo machache ya kupanga: bei ya kila ziara, idadi ya juu ya wageni kwa siku, na namba ya simu inayopokea taarifa. Imewahi kukaa katika sehemu zote tatu, kwa kuwa nilikosea mara mbili kabla ya kutulia, na vigezo ninavyovitanguliza hapa vimetokana na makosa hayo zaidi kuliko nilivyosoma kwenye nyaraka.

## Vigezo

Kigezo cha kwanza, ambacho kwangu kina uzito kuliko vingine, ni nani ataufungua ukurasa na mara ngapi. Ukurasa unaofunguliwa na fundi mara moja kwa mwaka na ukurasa unaofunguliwa na karani kila asubuhi ni vitu viwili tofauti, hata kama fomu iliyomo ni ileile. Hapa simu inaingia kwenye hesabu: skrini ikiwa nyembamba kuliko pikseli 782, menyu ya utawala hujificha nyuma ya alama ya mistari mitatu, na mtumiaji huiburuza kwa kidole kutoka juu hadi chini kutafuta anachokitaka.

Cha pili ni ruhusa. WordPress katika tovuti ya kawaida ina vyeo vitano, yaani msimamizi, mhariri, mwandishi, mchangiaji na mfuatiliaji, na kila cheo kina ruhusa zake. Ruhusa iitwayo manage_options anayo msimamizi peke yake. Edit_others_posts inaanzia kwa mhariri. Edit_posts inashuka hadi kwa mchangiaji. Uamuzi wa mahali pa kuweka ukurasa hauwezi kutenganishwa na uamuzi wa nani aruhusiwe kuuona.

Cha tatu ni kiasi gani cha kazi ya kuhifadhi taarifa utafanyiwa na WordPress na kiasi gani utaifanya mwenyewe. Cha nne ni matunzo, nikiwa na maana ya mambo yanayoharibika bila mtu kugusa kitu: jina la menyu linalotafsiriwa, plagini nyingine inayogombea nafasi ileile, na toleo jipya la PHP.

## Njia ya kwanza: chini ya Mipangilio

Msimbo wake ni mfupi kuliko njia zote:

```
add_action( 'admin_menu', function () {
    add_options_page(
        'Mipangilio ya Ziara',  // kichwa cha ukurasa
        'Ziara',                // jina kwenye menyu
        'manage_options',       // ruhusa
        'ziara',                // kitambulisho cha ukurasa
        'ziara_chora_ukurasa'   // funksheni inayouchora
    );
} );
```

Funksheni hii ina ndugu zake. Ya add_management_page huweka ukurasa chini ya Zana, na inafaa kwa kazi za mara moja kama kuhamisha data. Add_theme_page huupeleka chini ya Mwonekano, na add_users_page chini ya Watumiaji. Zote ni njia za mkato za add_submenu_page, zikiwa zimekwisha kujaziwa menyu mama.

Anayefungua. Menyu ya Mipangilio hukaa nafasi ya 80, baada ya Mwonekano iliyo nafasi ya 60, Plagini ya 65, Watumiaji ya 70 na Zana ya 75. Kwa fundi aliye mbele ya kompyuta hilo si kitu. Kwa mama anayetunza ofisi ya kikundi chetu, ambaye kazi zake zote za tovuti huzifanya kwa simu, lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu katika toleo la kwanza nilikuwa nimeweka bei na orodha ya maombi katika ukurasa huo mmoja. Jumatatu nilimwonyesha njia, akaifuata vizuri, Alhamisi akanipigia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza, "Mwanangu, yale maombi umeyaficha wapi tena?" Sikuwa nimeyaficha. Yalikuwa chini kabisa ya menyu ndefu, ndani ya menyu nyingine, chini ya neno ambalo kwake lilimaanisha mambo ya mafundi.

Kwa ukurasa unaoguswa mara chache, hata hivyo, kina hicho ni faida, kwa kuwa kinauweka mbali na vidole vya haraka. Ukitaka msimamizi aufikie kwa urahisi bila kuuhamisha, ongeza kiungo katika orodha ya plagini kwa kutumia kichujio (njia ya kubadilisha kitu kabla WordPress haijakitumia) cha plugin_action_links_ kikifuatiwa na jina la faili la plagini yako. Kiungo hicho huonekana pembeni ya kitufe cha kuzima plagini, mahali ambapo watu wengi hutazama kwanza baada ya kuiwasha.

Ruhusa. Njia hii imejengwa kwa ajili ya msimamizi. Unaweza kuandika ruhusa ya chini zaidi, na mhariri ataiona menyu ya Mipangilio ikiwa na kitu kimoja tu ndani yake, lakini kuna mtego unaomsubiri mbele. Fomu zinazopelekwa kwenye options.php hukaguliwa upya, na ukaguzi huo hudai manage_options bila kujali ulichoandika kwenye menyu. Mhariri atafungua ukurasa, atajaza bei mpya ya Amboni, atabonyeza kitufe cha kuhifadhi, kisha ataambiwa kwamba haruhusiwi kusimamia mipangilio ya tovuti hii. Dawa yake ni kichujio cha option_page_capability_ kikifuatiwa na jina la kundi la mipangilio yako, kinachorudisha ruhusa unayoitaka. Ni mistari mitatu, ila asiyejua kwamba ipo hupoteza siku nzima akitafuta kosa mahali lisipo.

Kuhifadhi. Hapa njia hii inazishinda nyingine. Tangu toleo la 2.7 la mwaka 2008, WordPress ina utaratibu wa mipangilio ambao hukufanyia sehemu kubwa ya kazi: register_setting husajili kitu kitakachohifadhiwa pamoja na funksheni ya kukisafisha, add_settings_section na add_settings_field hupanga fomu, na settings_fields huweka alama ya siri inayothibitisha kwamba fomu imetoka kwenye ukurasa wako kweli. Juu ya hayo, ujumbe wa kwamba mipangilio imehifadhiwa hujitokeza wenyewe. Tafadhali ukumbuke ujumbe huo, maana nitaurudia.

Matunzo. Ni machache. Jina la ndoano ya ukurasa (ndoano ni mahali WordPress inapokuruhusu kufunga msimbo wako), unalolihitaji ili kupakia mitindo na skripti mahali panapohusika tu, huwa settings_page_ziara, na halibadiliki hata lugha ya tovuti ikibadilika. Hakuna ikoni ya kuchagua wala nafasi ya kugombea.

Inamfaa nani. Plagini yenye ukurasa mmoja wa kupanga mambo, unaofunguliwa na msimamizi peke yake, na hasa plagini utakayoigawa kwa watu usiowajua, ambao dashibodi zao tayari zimejaa.

## Njia ya pili: menyu yake yenyewe

Baada ya simu ile ya Alhamisi nilihamia add_menu_page, ambayo hupokea pia ikoni na nafasi. Ikoni inaweza kuwa jina la mojawapo ya zile zilizomo ndani ya WordPress, kama dashicons-location-alt, au picha ya SVG iliyogeuzwa kuwa maandishi. Kurasa za ndani huongezwa kwa add_submenu_page, ukitaja kitambulisho cha menyu mama.

Anayefungua. Menyu inaonekana wazi, kwa jina lake na alama yake, na unaweza kuipandisha. Machapisho yako nafasi ya 5, Picha na Faili ya 10, Kurasa ya 20, Maoni ya 25; nilipoiweka Ziara nafasi ya 6, yule mama aliikuta juu ya skrini mara tu alipofungua mistari mitatu. Tatizo la kuificha likaisha siku hiyohiyo.

Kuna jambo dogo linalowashangaza wanaoanza. Ukiongeza ukurasa mdogo wa kwanza, WordPress hurudia jina la menyu kuu ndani ya orodha yake, hivyo unapata Ziara, na chini yake Ziara tena, kisha Bei. Ili neno lile la pili lisomeke Maombi, ongeza ukurasa mdogo wenye kitambulisho kilekile cha menyu mama na jina unalolitaka:

```
add_menu_page( 'Ziara', 'Ziara', 'edit_others_posts',
    'ziara', 'ziara_chora_maombi', 'dashicons-location-alt', 6 );
add_submenu_page( 'ziara', 'Maombi', 'Maombi',
    'edit_others_posts', 'ziara', 'ziara_chora_maombi' );
add_submenu_page( 'ziara', 'Bei', 'Bei',
    'manage_options', 'ziara-bei', 'ziara_chora_bei' );
```

Ruhusa. Kama mfano unavyoonyesha, kila ukurasa una ruhusa yake, na hii ndiyo faida ambayo wengi hawaitumii. Karani anaona maombi, lakini ukurasa wa bei haumo kabisa kwenye menyu yake. Ushauri wangu ni kwamba menyu kuu ipewe ruhusa ya chini kuliko zote zilizomo, kisha kurasa ndogo zikazwe moja baada ya nyingine.

Naomba nikae kidogo hapa, kwa sababu kuna makosa mawili ninayoyakuta mara kwa mara ninapoletewa plagini za wenzangu zirekebishwe. La kwanza ni kutumia edit_posts kwa kudhani kwamba ni ruhusa ya mhariri. Mchangiaji anayo pia. Kijana aliyekaribishwa kuandika habari moja tu ya Tongoni atayaona majina na namba za simu za wageni wote walioomba ziara. Tangu kutungwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, huo si uzembe wa kiufundi tu. La pili ni kuamini kwamba ruhusa iliyoandikwa kwenye menyu inalinda kila kitu. Inalinda ukurasa usifunguliwe, basi. Ikiwa kitendo chenyewe, tuseme kufuta ombi, umekifunga kwenye ndoano ya admin_init, ujue kwamba ndoano hiyo hufyatuka hata pale mgeni asiyeingia anapogusa admin-ajax.php au admin-post.php. Kwa hiyo ndani ya funksheni ya kitendo rudia ukaguzi kwa current_user_can, na uthibitishe fomu kwa check_admin_referer. Mlango wa mbele ukiwa na komeo na wa uani uko wazi, mwizi hahitaji kuhangaika na komeo.

Kuhifadhi. Utaratibu wa mipangilio nilioueleza hufanya kazi hapa pia, lakini ujumbe wa kuhifadhi haujitokezi. Sababu ni kwamba faili inayouonyesha huitwa na WordPress pale tu ukurasa unapokuwa chini ya menyu ya Mipangilio. Sikulijua hilo nilipohamisha ukurasa wa bei. Nilikwenda ofisini kwao, chumba kidogo huko Ngamiani chenye feni moja, nikamkuta mwenyekiti wa kikundi amebadilisha bei ya Tongoni na kubonyeza Hifadhi. Ukurasa ukajipakia upya, ukatulia kama ulivyokuwa. Akabonyeza tena. Mara ya nne akageuka akaniambia, "Fundi, haishiki." Ilikuwa imeshika tangu mara ya kwanza, kilichokosekana ni mstari mmoja, settings_errors(), ndani ya funksheni inayochora ukurasa. Na kinyume chake ni kweli: ukiuita mstari huo kwenye ukurasa ulio chini ya Mipangilio, ujumbe utatokea mara mbili.

Kuhusu orodha ya maombi, njia hii haikupi chochote. Jedwali, kurasa za mbele na nyuma, utafutaji na vitendo vya kundi utavijenga mwenyewe. Wengi huazima WP_List_Table, ambayo WordPress yenyewe huitumia, ingawa imeandikwa kwamba ni ya matumizi ya ndani na inaweza kubadilishwa bila taarifa. Mimi nimeitumia na sijajuta, ila aliyeonywa huwa macho kila toleo jipya linapotoka.

Matunzo. Ni mengi zaidi ya njia ya kwanza, na moja kati yake linatuhusu sisi tunaotumia Kiswahili kuliko wengine. Jina la ndoano ya ukurasa mdogo hutengenezwa kutokana na jina la menyu mama kama linavyosomeka, baada ya kutafsiriwa. Plagini ikiandikwa kwa Kiingereza na menyu ikaitwa Tours, ndoano ya ukurasa wa bei huanza na tours_page_. Tovuti ikigeuzwa kuwa ya Kiswahili na neno likatafsiriwa kuwa Ziara, ndoano hugeuka kuwa ziara_page_, na skripti uliyoifunga kwenye jina la zamani haipakiwi tena. Ukurasa utafunguka, lakini vitufe vyake havitaitikia. Usiliandike jina hilo kwa mkono; hifadhi thamani inayorudishwa na add_submenu_page, kisha ilinganishe na ile unayopewa na admin_enqueue_scripts. Ndoano ya menyu kuu yenyewe haina shida hii, kwa kuwa hutokana na kitambulisho.

Kuhusu kugombea nafasi, katika matoleo ya zamani plagini mbili zilizochagua namba moja zilifutana, moja ikatoweka. Siku hizi WordPress huisogeza ya pili kwa sehemu ndogo ya desimali, hivyo zote hubaki.

Inamfaa nani. Plagini yenye kurasa kadhaa zinazofanyiwa kazi kila siku, na watu wa vyeo tofauti wanaopaswa kuona vitu tofauti. Haimfai mwenye ukurasa mmoja wa kuwasha na kuzima kitu. Kumpa huyo menyu nzima ni kama kujenga baraza kwa ajili ya kuweka jozi moja ya ndara.

## Njia ya tatu: menyu inayotokana na aina ya maudhui

Nilipoona kwamba nusu ya msimbo wangu ni wa kuchora jedwali la maombi, nilijiuliza kama ombi la ziara si maudhui kama chapisho lilivyo maudhui: lina kichwa, tarehe, hali na maelezo. Ukilisajili kwa register_post_type, menyu hujitokeza yenyewe ikiwa na orodha, utafutaji, pipa la taka na ukurasa wa kuhariri, bila kuita add_menu_page hata mara moja.

Anayefungua. Karani aliyezoea Machapisho hahitaji mafunzo, kwa kuwa kila kitu kiko mahali alipokizoea. Usipotaja nafasi, menyu hukaa chini ya Maoni. Kurasa za ziada, kama ile ya bei, huongezwa kwa kutaja menyu mama kuwa edit.php?post_type=ombi.

Ruhusa. Hapa ndipo penye utamu na uchungu. Usipotaja kitu, ombi hutumia ruhusa za chapisho la kawaida, na tumekwisha kuona mchangiaji anaweza kufika wapi. Ukitaka ruhusa zake maalumu unataja capability_type, na WordPress hutengeneza wingi kwa kuongeza herufi s, kama Kiingereza kifanyavyo. Nilipoandika 'ombi' peke yake nilipata ruhusa iitwayo edit_ombis, neno ambalo halipo Tanga wala pengine popote. Suluhisho ni kutaja umoja na wingi, array( 'ombi', 'maombi' ), na kuweka map_meta_cap kuwa kweli. Kisha vyeo vipewe ruhusa hizo kwa add_cap, msimamizi akiwemo, la sivyo hata yeye hataiona menyu. Kwa kuwa add_cap huandika kwenye hifadhidata, ifanye mara moja tu wakati plagini inapowashwa.

Jambo jingine lisilosubiri: weka public kuwa si kweli na show_ui kuwa kweli. Ukiweka public kuwa kweli, kila ombi linaweza kupata anwani yake ya wazi kwenye tovuti, likiwa na jina la mgeni na siku atakayosafiri.

Kuhifadhi. Unachotafuta utakipata tayari, mradi taarifa zako ziingie katika umbo la chapisho. Sehemu za ziada, kama idadi ya wageni na tarehe ya ziara, hukaa kwenye jedwali la wp_postmeta, kila moja katika safu mlalo yake. Kwa kikundi kinachopokea maombi machache kwa siku hutaona tofauti. Kwa mfumo wenye maelfu ya kumbukumbu zinazochujwa kwa tarehe na bei kwa pamoja, maswali ya namna hiyo huwa mazito, na jedwali lako mwenyewe pamoja na njia ya pili litakuwa na maana zaidi.

Matunzo. Madogo, kwa sababu orodha na fomu hutunzwa na WordPress. Ndoano ya kurasa za ziada hutokana na jina la aina ya maudhui, kwa hiyo haiyumbi kwa tafsiri. Ukiamua kuiweka aina hii chini ya menyu yako mwenyewe kwa show_in_menu, isajili menyu hiyo kwa kipaumbele cha 9 au pungufu kwenye admin_menu, vinginevyo orodha ya maudhui itatangulia na kukalia nafasi ya ukurasa wako mkuu.

Inamfaa nani. Plagini ambayo kiini chake ni orodha ya vitu vinavyoongezwa, kuhaririwa na kufutwa: maombi, vyumba vya nyumba ya wageni, matangazo ya shule. Plagini isiyo na orodha haina cha kufanya hapa.

## Neno fupi kuhusu kurasa zinazochorwa na JavaScript

Popote utakapouweka, ukurasa unaweza kuchorwa na PHP au na JavaScript kwa vipande vilevile vya React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa, vinavyotumiwa na kihariri kipya kilichokuja na toleo la 5.0 mwaka 2018. Anayefungua hupata ukurasa mwepesi kutumia, usiojipakia upya kila anapohifadhi, lakini hubeba skripti nyingi zaidi mara ya kwanza, jambo ambalo mwenye bando la siku hulihisi. Ruhusa huhamia kwenye REST, yaani anwani ambazo skripti huzitumia kuzungumza na tovuti: kila njia unayoisajili inahitaji permission_callback, na tangu toleo la 5.5 WordPress hulalamika ukiiacha. Kuhifadhi mipangilio kunawezekana kwa kuongeza show_in_rest kwenye register_setting. Matunzo ndiyo gharama, kwa sababu utahitaji Node, programu ya kuendeshea JavaScript nje ya kivinjari, kwenye kompyuta yako na mtu wa kuendelea kuijenga plagini utakapokuwa umekwenda zako. Inamfaa mwenye timu, au mwenye ukurasa ambao kweli una mambo yanayobadilika palepale, kama kalenda ya kuburuta siku.

## Kulingana na hali yako

Ukiwa na fomu moja ya kupanga mambo na msimamizi mmoja, anza chini ya Mipangilio na uongeze kiungo kwenye orodha ya plagini. Ukiwa unakusudia kuipeleka plagini kwenye hazina rasmi ya WordPress.org, uzito wa chaguo hilo huongezeka, kwa kuwa mwongozo wa 11 wa hazina hiyo unakataza plagini kuiteka dashibodi ya mwenye tovuti, na wakaguzi pamoja na watumiaji huanza kwa kuangalia umechukua nafasi kiasi gani.

Ukiwa na ofisi yenye karani na mkuu wake, ambapo mmoja anashughulikia kazi ya kila siku na mwingine anagusa bei, menyu yake yenyewe yenye kurasa zilizokazwa kwa ruhusa tofauti itakupunguzia simu za Alhamisi. Ikiwa kazi hiyo ya kila siku ni orodha ya kawaida, fikiria kwanza aina ya maudhui kabla hujaandika jedwali lako.

Ukiwa unatengeneza kwa ajili ya mtandao wa tovuti nyingi chini ya WordPress moja, na mipangilio ni ya mtandao mzima, ndoano ni network_admin_menu, menyu mama ni settings.php, na ruhusa ni manage_network_options. Katika hali hiyo options.php haitakuhifadhia kitu. Utapokea fomu mwenyewe na kuandika kwa update_site_option.

Ukiwa unahitaji ukurasa usioonekana kwenye menyu kabisa, kama ule wa hatua za kwanza baada ya kuwasha plagini, tumia add_submenu_page na uache menyu mama ikiwa mfuatano mtupu wa herufi. Mafunzo mengi ya zamani huelekeza kuandika null. Kuanzia PHP 8.1 hilo huleta maonyo kwenye kumbukumbu za seva.

Na ukiwa tayari umekosea, kama mimi, kuhamisha ukurasa si kazi ya kutisha. Mipangilio iliyohifadhiwa haijui ilihifadhiwa kutoka menyu gani, kwa hiyo hubaki salama. Kinachobadilika ni anwani, kutoka options-general.php?page=ziara kwenda admin.php?page=ziara, na viungo ulivyoviandika kwa mkono ndani ya plagini vinapaswa kupitiwa vyote; menu_page_url hukutafutia anwani sahihi popote ukurasa ulipo.

Plagini ya kikundi chetu sasa imegawanyika. Maombi ni aina ya maudhui, yako juu kwenye simu ya yule mama, yakiwa na ruhusa ya wingi wa Kiswahili. Bei ni ukurasa mdogo chini yake, unaoonekana kwa mwenyekiti tu, na mstari wa settings_errors umo. Namba ya simu inayopokea taarifa, ambayo imebadilishwa mara moja tangu tuanze, iko chini ya Mipangilio, na hakuna aliyewahi kuniuliza iko wapi.